Kipofu wa kwenye muvi anatengenezwa kwa ajili ya nani?

#1 Mleta mada

Wakuu habari, naomba tubishane kidogo ila kwa staha.

Mimi nina uoni hafifu. Jicho la kushoto limezima kabisa, la kulia linanipa mwanga na maumbo, na cha ajabu mtu akikaa pembeni namuona vizuri kuliko akikaa mbele yangu. Natembea na fimbo nyeupe, simu inanisomea kila kitu kwa sauti. Juzi shemeji yangu anaangalia muvi huku ananisimulia, kipofu kakutana na binti, hata dakika kumi hazijaisha anaomba amguse uso ili ajue anafananaje. Nilicheka mpaka shemeji akanuna. Jamani hiyo kitu wanaitoa wapi? Sijawahi kumpapasa mtu uso ili nimjue, na wasioona wote ninaowajua hawafanyi hivyo, mtu tunamjua kwa sauti, kwa anavyoburuza viatu, hata kwa anavyohema akipanda ngazi.

Hoja yangu ni kwamba yule kipofu hajatoka kwetu wala hatengenezwi kwa ajili yetu, ni kifaa tu cha kumliza au kumshangaza anayeona. Chaplin mwaka 1931 kwenye City Lights kaweka binti kipofu muuza maua, mwishoni macho yanapona. Fanaa ya 2006, Kajol kipofu, anafanyiwa upasuaji anaona. Miaka 75 kati ya muvi na muvi na dawa ni ileile. Ukiacha hao unakutana na Zatoichi, yule mkandaji kipofu wa Kijapani mwenye upanga, Shintaro Katsu kamuigiza kuanzia 1962 kwenye filamu 26, halafu Daredevil, shujaa kipofu anayepiga wahalifu, halafu yule mzee wa fimbo wa Rogue One, ile ya Star Wars. Yaani kati ya kuuza maua na kufyeka watu hakuna ajira nyingine?

Na kichekesho chenyewe ni hiki, Daredevil ya Netflix ilipotoka Aprili 2015, tamthilia nzima ya kipofu, haikuwa na maelezo ya sauti. Kipofu halisi hakuweza kuifuatilia. Watu wakapiga kelele, ndio siku chache baadaye wakayaweka. Hapo ndipo mtu anajua alikuwa anatengenezewa nani.

#2

Mkuu pole lakini umezidisha. Muvi ni burudani, polisi wa kwenye muvi anaruka kutoka ghorofani anaendelea kukimbia hata goti halimuumi na polisi hawajalalamika. Ukitaka ukweli kaangalie taarifa ya habari. Halafu kuna kitu umekiruka makusudi, Daredevil mchana ni mwanasheria, sio kila saa anapiga watu.

#3 Mleta mada

Kwenye mwanasheria umenikamata, nakubali.

Ila polisi sio mfano. Mtu akiona polisi wa uongo leo, kesho anakutana na wa kweli, picha inajirekebisha kichwani. Sisi wengi wanatujua kwa muvi tu. Ndio maana nikitoa simu nikaisogeza karibu na jicho nione namba, watu wananiangalia kama tapeli. Kuna jamaa kwenye foleni aliwahi kuninyooshea vidole usoni, "hivi ni vingapi?", nikamwambia vitatu, akawageukia wenzake, si niliwaambia huyu anazuga. Kwa sababu kipofu anayemjua yeye ni giza totoro, miwani nyeusi na macho yaliyoganda sehemu moja, wakati wengi wetu tunaoitwa vipofu tuna mabaki ya kuona, mwingine mwanga tu, mwingine katikati hamna kitu ila pembeni kupo, mwingine anaona kama anachungulia kwenye bomba. Andhadhun ya 2018 ni muvi kali sana, nimesimuliwa mara mbili, lakini stelingi wake ni mpiga piano anayejifanya kipofu, na kila nikisikia mtu anaisifu najua foleni inayofuata nitahesabu vidole tena.

#4

Nisamehe mkuu, hapo kwenye kuhesabu vidole nimecheka kwa sauti. Naendelea kusoma.

#5

Mimi ni mtu wa maigizo ya jukwaani, naona mnazunguka pembeni ya tatizo. Tatizo ni nani anapewa kazi. Al Pacino anaona, kapata Oscar kwa kuigiza kipofu kwenye Scent of a Woman ya 1992, Jamie Foxx naye anaona, kapata kwa Ray ya 2004, kamuigiza mwanamuziki kipofu Ray Charles, alibandikwa kope za bandia zikamfunga macho saa zote za kurekodi na dunia nzima ikapiga makofi. Wenzetu viziwi walishatoka huko, Marlee Matlin alipata Oscar kwa filamu ya 1986 na Troy Kotsur akaipata 2022, na wote ni viziwi kweli. Na msiniambie hawapatikani. Majid Majidi wa Iran kwenye The Color of Paradise ya 1999 alimpa nafasi kuu mtoto asiyeona kweli, Mohsen Ramezani. Mwaka 2023 ile tamthilia ya All the Light We Cannot See ikampa Aria Mia Loberti, dada mwenye uoni hafifu ambaye hakuwahi kuigiza popote kabla ya hapo. Wakitaka wanapata.

#6

Kwa Foxx hapana. Yule ni mpiga piano tangu mdogo, alikaa na Ray Charles mwenyewe wakapiga piano pamoja kabla mzee hajafariki Juni 2004, na mzee alipelekewa skripti ya nukta nundu akaisoma mwenyewe. Mwenye maisha yake karidhia, sisi ni nani? Kuigiza ni kuwa usiye. Tukisema kipofu aigizwe na kipofu basi muuaji naye tumfuate gerezani.

#7 (nilieandika #5)

Muuaji hajawahi kunyimwa kazi nyingine zote kaka. Asiyeona hapewi nafasi ya wakili, hapewi ya shangazi mbea, hapewi hata ya mteja anayepita dukani. Angekuwa anazipata hizo wala nisingefungua mdomo kuhusu Foxx.

#8 Mleta mada

Dada (nimekuita dada kwa kubahatisha, kama sivyo nisamehe) hiyo ya mteja anayepita dukani umeimaliza. Mimi kwa Foxx sina kinyongo sana, hiyo ya skripti ya nukta nundu ndio kitu wengi hawafanyi. Ninachokataa ni imani ya kwamba ukifumba macho miezi michache umeshajua. Unachokijua ni ile hofu ya siku ya kwanza, kugonga meza, kumwaga chai. Mtu aliyeishi hivi miaka ishirini hana hiyo hofu, nyumba yake anaijua, ngazi zake anazijua, muda mwingi hata hafikirii macho, anafikiria kodi na mambo ya watoto. Kwa hiyo waigizaji wengi wanaigiza siku ya kwanza muvi nzima, mikono mbele kama wanaogelea.

Sasa nitawashangaza. Kipofu wa muvi ninayempenda ni yule mzee mbaya wa Don't Breathe ya 2016, Stephen Lang. Vijana watatu wamekuja kumuibia wakijua ni mteremko, kumbe. Ni mtu mchafu kweli, lakini ana nyumba yake, ana hasira zake, ana siri zake na hasubiri kuombewa. Na pale anapozima umeme kule chini, ghafla mwenye ulemavu anakuwa ni yule mwenye macho. Wait Until Dark ya 1967 ilishafanya hivyo, Audrey Hepburn anavunja taa zote ndani ili jambazi naye apapase, halafu anasahau taa ya ndani ya friji. Jambazi anafungua friji, mwanga huo. Mimi hiyo ndio sehemu bora kuliko zote, kwa sababu taa ya friji ni kitu ambacho asiyeitumia angeisahau kweli, aliyeandika pale aliwaza. Kumpapasa mtu uso hakuna aliyewaza, wamenakiliana tu.

#9

Wabaya nao wana mipaka mkuu. Blindness ya 2008, ile iliyotoka kwenye kitabu cha Saramago, mwandishi wa Kireno, mji mzima unapofuka na watu wanageuka wanyama, chama cha wasioona cha Marekani kiliandamana nje ya majumba ya sinema. Waliambiwa ni fumbo tu, upofu pale ni upofu wa roho. Wewe ungeandamana au ungekaa nyumbani?

#10 Mleta mada

Ningeandamana. Fumbo ni la mwandishi, lakini anayepanda nalo basi kesho ni mimi. Na hata kwenye lugha yetu, mtu akifanya ujinga anaambiwa ni kipofu, halafu mimi nipo hapohapo nakunywa maji.

#2 tena

Mimi bado sijashawishika kwamba muvi moja inaweza kumharibia mtu maisha, ila hiyo ya kunyooshewa vidole imenikaa vibaya. Na mmenimalizia miisho ya muvi kadhaa bila onyo. Haya, hayo maelezo ya sauti yanakuwaje?

#11 Mleta mada

Ni sauti ya mtu inayoeleza kinachoonekana, inaingia pale wanapokaa kimya, "anafungua droo, anatoa bastola". Kwenye Netflix ingia sehemu ya kuchagua lugha ya sauti, kama ipo utaiona imeandikwa pembeni ya lugha. Nzuri inakaa kimya mahali pa kukaa kimya, mbaya inakusimulia mpaka mvua inayojisikia yenyewe.

#2 tena

Nimerudi. Nimeweka Daredevil na hiyo sauti, nikafumba macho dakika ishirini. Nimeshika karibu zote ila kwenye ngumi nilipotea, sikujua nani anapigwa. Wife kanikuta nimefumba macho nimekaa sebuleni peke yangu ananiuliza kama naumwa.

#12 Mleta mada

Dakika ishirini za kufumba macho ni kombolela hiyo mkuu. Na kwenye ngumi hata mimi huwa sijui nani anapigwa, namuuliza shemeji.