Saiklokrosi ya wanawake: kwa nini anayeanzia nyuma hafiki mbele?

SpokuTatu: Wakuu, naomba ufafanuzi kuhusu saiklokrosi, hizi mbio za baiskeli za kuzunguka kwenye tope, nyasi na mchanga. Kwenye mbio za Ubelgiji na Uholanzi majina ni yaleyale tangu kona ya kwanza. Binti mwenye nguvu akianzia safu ya sita, kumi bora hata hazinusi. Na mbona wanabadilisha baiskeli ambazo ni nzima?

RimuNaGundi: Mkuu, mbio nusu zinaamuliwa pale mstarini. Wanaitwa mmoja mmoja kwa kufuata pointi za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, wakijaza safu za watu wanane. Wanapewa mita 150 hivi za njia pana, kisha njia inaweza kubana hadi mita 3. Wa safu ya sita akifika hapo anakuta foleni, anashuka, anatembea na baiskeli. Wa mbele wameshaondoka. Muda wote ni kama dakika 50, kwa hiyo kulifuta pengo hilo ni kazi, na mtu akipitwa na kiongozi mzunguko mzima anatolewa mbioni. Bila pointi hupati safu nzuri, bila safu nzuri hupati pointi. Njia ya kutoka ni kuanza na mbio za daraja la C2, yaani za kimataifa za ngazi ya chini, siku ambayo wakubwa wako kwingine, ndipo uende Kombe la Dunia.

FundiCheni: Kuhusu baiskeli: tope. Linaongeza uzito, lakini hilo ni dogo. Nyasi zikijisokota kwenye vigurudumu vya kibadilisha gia cha nyuma, zinakivuta kikaingia kwenye spoku, na mbio zimeisha. Ndiyo maana kwenye tope zito anabadilisha kila nusu mzunguko, fundi anaosha ile nyingine kwa mashine ya presha. Kubadilisha ni kwenye kituo cha mafundi kando ya njia tu, na hairuhusiwi kurudi nyuma. Ukipasukiwa mita 50 baada ya kituo, bega na miguu hadi kinachofuata.

Upana wa tairi mwisho ni milimita 33, na waamuzi wanapima. Mwendeshaji wa kilo 55 kwenye tope anaweka upepo wa bar 1.1 hadi 1.3. Mchanga wa mbio za Koksijde, Ubelgiji, unataka chini zaidi. Kwenye mawe na mizizi ya Namur, hukohuko Ubelgiji, unapandisha kidogo, la sivyo rimu inagonga. Ukishusha sana huku gundi inayoshika tairi kwenye rimu ni ya zamani, tairi linachomoka kwenye kona.

SpokuTatu: Shukrani. Na riziki je? Msimu unakwisha Februari.

RimuNaGundi: Mshahara wa timu, zawadi, na malipo ya kujitokeza ambayo waandaaji humpa mwenye jina. Jezi ya upinde wa mvua ya bingwa wa dunia inapandisha hayo malipo haraka. Kiangazi wengi huhamia barabarani au milimani. Mholanzi Puck Pieterse mwaka 2024 alishinda hatua ya Tour de France ya wanawake na ubingwa wa dunia wa baiskeli za milimani. Mholanzi mwenzake Marianne Vos ana mataji 8 ya dunia ya saiklokrosi: la kwanza 2006, sita mfululizo 2009 hadi 2014, la mwisho 2022, na katikati akachukua dhahabu ya barabara London 2012.

FundiCheni: Ila Vos asiwe kipimo cha anayeanza. Wengi hukosea hapo: wanaunganisha msimu wa kiangazi na wa saiklokrosi bila mapumziko, na ikifika Krismasi, mbio zinapofuatana kila baada ya siku moja au mbili, miguu haipo. Machi ni ya kulala.