Pasipoti mpya, e-viza imeng'ang'ania ya zamani

Mama Salma (Leicester):
Jamani, habari za jioni. Pasipoti mpya nimeshaipata, mwezi ujao naenda Dar kwenye harusi ya mdogo wangu. Sasa tovuti ya uhamiaji ya huku Uingereza, iliyo na e-viza yangu (ruhusa yangu ya kuishi huku, iliyo mtandaoni), inataka "namba ya hati". Naweka ya pasipoti mpya, inajibu taarifa hazilingani. Naweka ya zamani, jibu lile lile. Wanataka hati ipi? Na watoto je?

Juma (Reading):
Shikamoo dada. Wanataka hati uliyofungulia akaunti. Kama ulitumia kadi ya BRP (ile kadi ya ukaazi ya zamani), weka namba ya kadi, hata kama ilikwisha muda 31 Desemba 2024 kama kadi zetu nyingi hapa Uingereza. Ndiyo maana nasema kila siku, msizitupe! Wakikuuliza tarakimu za kuingilia zitumwe wapi, chagua barua pepe, maana laini ya huku ukiwa Dar mara inapokea ujumbe, mara haipokei.

Ukishaingia, ongeza pasipoti mpya. Kubofya kitufe cha mwisho si kumaliza, subiri barua pepe ya kuthibitisha. Shirika la ndege hukagua ruhusa yako kwa namba ya pasipoti, hivyo mpya isipounganishwa utahojiwa kaunta wakati wenzako wanapanda. Beba zote mbili. Watoto kila mmoja ana akaunti yake, kwa hiyo zoezi ni lile lile kwa kila kichwa.

Bi Asha (Coventry):
Toa na msimbo wa kuthibitisha ruhusa kabla hujasafiri, unadumu siku 90. Ila angalia unapoulizwa ni wa nini. Unaoanza na W ni wa mwajiri, R wa mwenye nyumba, S wa mambo mengine. Safari ni S. Watu wanabofya "kazi" kwa sababu ndiyo ya kwanza wanayoizoea, kisha wanalaumu mtu wa kaunta. Chapisha na karatasi, mwanangu, simu huzima.

Baba Furaha (Glasgow):
Sisi wa Kongo tuna taabu nyingine: jina, postnom (jina linalofuata lile la ukoo) na prénom (jina la kwanza), na fomu ina visanduku viwili tu. Mie nafuata mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti. Kilicho kabla ya alama << ni jina la ukoo, kinachofuata ni majina mengine. Mkiona e-viza imechanganya majina, kuna fomu ya mtandaoni ya kuripoti kosa. Itumeni mapema, msingoje wiki ya safari.

Mama Salma:
Marahaba Juma. Bi Asha, shikamoo. Imekubali kwa namba ya kadi! Pasipoti nimeongeza, barua pepe bado haijaja. Baba Furaha, asante, wa pili wangu e-viza yake imemkata jina la babu, naijaza hiyo fomu usiku huu.