Tairi za STUDLESS kwenye tope la masika, Kibiti hadi Mloka: zinafaa?

kigamboni_kwetu

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua njia za udongo.

Gari ni RAV4 ya 2008, imeshuka bandarini mwezi wa kwanza na bado ina tairi ilizokuja nazo kutoka Japani. Pembeni zimeandikwa STUDLESS, yaani tairi za baridi zisizo na misumari, na pia M+S. Muuzaji anasema hizo ni tairi za theluji na tope, na kwamba tairi inayoshika kwenye barafu haiwezi kushindwa na tope letu. Wiki ijayo natakiwa Mloka, kijiji cha bonde la Rufiji. Tutakuwa watu 3 na mzigo wa kilo 250 hivi. Mbagala hadi Kibiti ni lami, sina wasiwasi. Wasiwasi wangu unaanza pale unapoiacha barabara ya Lindi na kuingia kwenye udongo, na mvua za Aprili ndizo hizi.

Tairi niziache au ninunue nyingine? Upepo niweke kiasi gani? Na uendeshaji wenyewe unatofautianaje na wa lami? Sijawahi kutoka nje ya lami wakati wa mvua.

fundi_tairi_ilala

Mkuu, usiende na hizo. Nakueleza sababu kwa kirefu kwa kuwa kosa hili limejaa Dar nzima. Magari yanayotoka mikoa ya baridi ya Japani yanafika na tairi hizo na watu wanazitembelea mpaka ziishe.

Mpira wa STUDLESS ni laini kwa makusudi. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 mpira wa kawaida hukakamaa, huu unabaki laini. Sasa uweke kwenye lami ya Dar saa saba mchana. Meno yanajikunja ukishika breki, tairi inaisha mbio, na kwenye lami yenye maji gari inachelewa kusimama. Tazama uso wa kila jino utaona mikato myembamba kama ya wembe, mingi sana. Kazi yake ni kuondoa utando wa maji unaokaa juu ya barafu. Tope la mfinyanzi linaiziba ndani ya mita chache.

Kuna jambo muuzaji hakulijua. Theluji hushikana na theluji. Tairi ya baridi inajaza theluji kwenye mifereji yake, inaikandamiza, na hiyo iliyojaa ndiyo inayong'ang'ania theluji ya barabarani. Kujaa kule ni faida. Tope likijaa, mifereji inapotea na tairi inabaki duara laini kama limepakwa sabuni. Tairi ya tope kazi yake ni kutema: meno makubwa kama kashata, nafasi pana katikati, ili ikizunguka tope liruke nje.

Hiyo M+S kweli inasimamia tope na theluji, lakini kiwanda hujiwekea chenyewe kwa kufuata umbo la mifereji, bila kipimo cha barabarani. Alama yenye kipimo ni ile ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, nayo hupimwa kwenye theluji, si kwenye tope.

Nunua A/T nne, yaani tairi za njia zote, lami na udongo. Saizi isome pembeni mwa tairi. RAV4 za miaka hiyo mara nyingi ni 225/65R17 au 215/70R16. Zote 4 ziwe aina moja na zimeisha sawasawa, kwa sababu mbele na nyuma zikizidiana ukubwa koplingi ya fowili (kifaa kinachopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma) inafanya kazi muda wote na kuchemka hata kwenye lami. M/T, tairi za tope hasa, ni bora zaidi kwenye tope, ila kwa gari itakayorudi mjini zina kelele na hazishiki vizuri kwenye lami yenye maji. Ukienda kwenye za mtumba, tafuta tarakimu 4 za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyozidi miaka 6 iache, hata kama meno yamejaa.

Upepo: ukiacha lami shusha hadi psi 24 zote nne. Ukirudi kwenye lami rudisha kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, mara nyingi psi 30 hadi 33.

Kabla hujatoa hela ya tairi, soma kibamba cha utambulisho cha gari. Ikianza na ACA31 ni fowili. Ikianza na ACA36 inavuta mbele tu, na kwa mzigo huo na mwezi huu nakushauri ukodi gari nyingine. Halafu, tairi za theluji zinakuambia gari ilikotoka. Huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hula chuma. Ipandishe juu, mwangalie na fundi mabomba ya breki na chesi kama kuna kutu ya kuchimbika.

dereva_wa_kusini

Kwenye tairi fundi amemaliza. Kwenye upepo natofautiana naye, psi 24 kwa njia nzima si jibu. Njia hiyo ina mchanga na ina udongo mweusi, navyo vinataka vitu tofauti.

Mchanga unataka tairi ipanuke, psi 18 hadi 20, mwendo mdogo, usukani usikatwe kwa ghafla, maana upepo ukiwa mdogo tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Tope jepesi juu ya ardhi ngumu linataka kinyume: acha psi 28, tairi ikate tope iifikie ardhi ngumu chini. Tope zito lisilo na sakafu ndilo la kushushia hadi 22. Chomeka kijiti upime. Kikigota sentimita 8 au 10, sakafu ipo. Kikizama chote, tafuta njia ya pembeni au geuza.

Udongo mweusi wa mbuga uheshimu. Kiangazi unapasuka nyufa, ukinywa maji unavimba na kunata, unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi hadi tairi linashindwa kuzunguka. Hakuna tairi inayoushinda mvua ikiwa imetoka kunyesha. Dawa yake ni kusubiri. Jua kali la siku moja au mbili linabadilisha kabisa kipande kilichokuwa hakipitiki. Kwa hiyo ratiba yako ifuate mvua, si kalenda. Ukifika Kibiti usiulize "njia ikoje?", kila mtu atakujibu inapitika. Uliza gari gani ya mwisho imetoka Mloka, imefika saa ngapi, na imetumia saa ngapi njiani. Ukipata jibu la Fuso peke yake, jua RAV4 yenye uvungu wa karibu sentimita 20 italalia tumbo kwenye mikondo iliyochimbwa na tairi za Fuso.

Uendeshaji. Chagua gia kabla ya kuingia kwenye tope na usiibadilishe humo ndani. Kama ni otomatiki weka gia ya chini ishikilie, ili isijibadilishe katikati. Washa kitufe cha LOCK cha fowili kabla, si baada ya kukwama; kinafanya kazi kwenye mwendo mdogo tu na ukivuka kilomita 40 kwa saa kinajiachia. Zima pia ule mfumo wa kuzuia tairi kuteleza, kwa sababu mfumo huo ukihisi tairi inazunguka bure unakata nguvu ya injini wakati unapoihitaji. Mwendo uwe kilomita 15 hadi 25, mguu kwenye mafuta utulie. Ukiona gari inapungua nguvu, chezesha usukani kidogo kushoto na kulia, meno ya pembeni ya tairi yatapata kingo mpya za kushika. Isipoitikia, toa mguu mara moja.

Barabara ya udongo iliyopigwa greda imeinuka katikati na kushuka pembeni. Kaa katikati. Ukipisha gari, simama wewe kwenye sehemu pana na kavu umwache apite, maana tairi mbili zikishuka kwenye mteremko wa pembeni gari inaserereka yenyewe hadi mtaroni hata ikiwa imesimama. Mbele yako kukiwa na gari kwenye tope, usimfuate. Subiri atoke upande wa pili.

Mkia ukikimbilia kushoto, geuza usukani kushoto, toa mguu kwenye breki, mafuta kidogo. Pua ikikataa kukata kona, usiongeze usukani. Punguza mafuta, nyoosha tairi kidogo hadi zishike, ndipo ukate tena. Kwenye mteremko tumia gia ya chini, na breki uiguse kwa upole tu. Kwenye mikondo mirefu huwezi kuhisi tairi zimeelekea wapi, chungulia dirishani. Na dole gumba likae nje ya usukani, kisiki kikigonga tairi usukani unazunguka kwa nguvu ya kuvunja.

Maji sasa, na hapa nakuomba unielewe vizuri. Aprili 2024 mafuriko yalifunika vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na Mei mwaka huo kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Lindi yenyewe ilikatika Somanga. Lami ilishindwa, itakuwa udongo? Maji yanayotembea yakikaribia sentimita 30, chini kidogo ya goti, usivuke. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kuielekeza gari ndogo yanakotaka, 60 zinabeba gari karibu yoyote. Wengi wanafundisha uvuke kwanza kwa miguu upime. Kwa bonde la Rufiji siungi mkono, mamba wapo. Subiri gari refu kuliko lako lipite uone maji yanafika wapi, au muulize mwenyeji anayevuka kila siku. Maji yaliyotulia yasiyozidi nusu ya tairi, pita taratibu kwa mwendo mmoja, usibadilishe gia, usisimame. Kabla ya kuingia simama dakika 5 hadi 10, kwa sababu difu (boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma) lililochemka likizamishwa kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Ukitoka, kanyaga breki kidogo kidogo huku unatembea ili zikauke.

Injini ikizimika majini, USIWASHE. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo konrodi, mkono unaoishika pistoni, inapinda, na hapo hesabu ni ya injini nyingine. Vuteni gari nje kwanza, toa plagi, ndipo ipigwe stata ili maji yatoke.

kigamboni_kwetu

Asanteni sana wakuu. Kibamba kinasema ACA31, nashukuru. Jumamosi nabadilisha tairi. Swali la mwisho: tukikwama wenyewe, hakuna gari karibu, tuanzie wapi? Na kamba ya kuvutia ninunue ya aina gani?

bi_spana

Kaka, anzia kwenye kutoa mguu. Tairi ikizunguka bure mara 5 imejichimbia, ikizunguka mara 20 tumbo limekaa chini. Na koplingi ya fowili ikichemka inajizima, gari inabaki kuvuta mbele tu hadi ipoe. Kama gia boksi ni CVT (otomatiki ya mkanda), kupiga resi ukiwa umekwama ndiko kunakoiua.

Shusheni watu na mzigo wote. Kilo 250 zikitoka, gari inanyanyuka sentimita kadhaa na huenda hiyo peke yake ikatosha. Kisha amua kutoka kwa nyuma. Njia uliyokuja nayo unaijua, ya mbele huijui.

Chimba mbele na nyuma ya kila tairi mteremko wa polepole, si shimo. Ondoa tope lililogusa uvungu, maana kama tumbo limelala hakuna tairi itakayosaidia. Halafu jeki. Kwenye tope jeki inazama yenyewe, kwa hiyo iwekee ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene 4 au 5. Nyanyua tairi, jaza chini yake mawe au matawi ya unene wa kidole gumba yaliyolala kukingama na tairi kama ngazi. Makuti matupu yanateleza. Mtu asiingize mwili chini ya gari hata mara moja. Ondoa jeki, kila mtu akae ubavuni mbali na gari, asikae mbele wala nyuma ya tairi, kwa sababu fito zinaruka kama mishale. Ukipata mwendo usisimame mpaka ardhi ngumu.

Kamba: gari yako na mzigo ni karibu tani 2, nunua mkanda wa tani 6, mita 8 hivi. Ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia ya gari. Kama ndoano yako ni ya kuzungusha, iko pamoja na jeki. Izungushe hadi mwisho na uikaze kwa spana. Usifunge kwenye bampa wala kwenye mpira wa kuvutia trela, ukikatika unakuwa risasi. Lazeni gunia lililoloweshwa katikati ya kamba, na watu wakae mbali kuliko urefu wake. Anayevuta anyooshe kamba kwanza, ndipo avute polepole, na wewe usaidie kwa gia ya chini. Akirudi nyuma na kuja kwa kasi ili kuishtua, mwambie asimame. Ndoano za RAV4 hazikutengenezwa kwa mshtuko.

Vingine vya kubeba: beleshi fupi, panga, geji ya upepo, pampu ya kubana kwenye betri, tairi ya akiba yenye upepo, tochi, maji ya kunywa lita 10. Ondoka Dar saa 10 alfajiri ili tope ulikute mchana. Giza haliwezi kukuonyesha kina cha dimbwi.

fundi_tairi_ilala

Nakubali marekebisho ya dereva kuhusu upepo, tumia vipimo vyake.

Nyongeza ya kurudi. Ukifika Kibiti, kabla ya kukimbia kwenye lami, osha rimu kwa ndani. Tope lililoganda upande mmoja linaharibu mizani ya tairi, na ukifika kilomita 80 usukani unatetemeka hadi unadhani umepinda kitu. Ukiwa Dar fungua nati ya difu la nyuma utazame oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga, weka mpya, tembea kama kilomita 100, kisha mwaga tena.