MJADALA: Majarife ya kina kirefu Tanga yaondolewe kwa ajili ya silikanti?

Wakuu, salaam. Nalileta jamvini: je, majarife (nyavu kubwa) ya papa yanayoshushwa kina kirefu ndani ya Hifadhi ya Silikanti Tanga yapigwe marufuku?

Mimi nasema ndiyo. Silikanti ni yule samaki ambaye wataalamu walimjua kwa visukuku tu, wakiamini alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu walianza kunaswa 2003 na 2004, kwenye majarife yanayofuata papa chini kabisa. Hifadhi ikaanzishwa 2009.

Kilichonishtua ni utafiti wa 2021. Waliosoma duara za umri kwenye magamba yake walikuta huweza kufika miaka 100, hukomaa akiwa na miaka 55 hivi, na mimba yake huchukua takriban miaka 5. Piga hesabu: jike aliyezaliwa 1964, mwaka wa Muungano, ndiyo kwanza yuko kwenye umri wa kuzaa. Usiku mmoja wa jarife unatosha kummaliza.

Nimewahi kumwona mmoja juu ya mchanga, alfajiri. Samawati yake ilikuwa inafifia kuwa kahawia, madoa meupe bado yanaonekana, na mapezi yana vikonyo vya nyama kama mikono ya mtoto mchanga. Watu wakamzunguka, hakuna aliyeuliza bei. Nyama yake ni mafuta matupu, haina soko. Kafa bure.

Mchangiaji:
Kaka, nimekuelewa, ila mimi nakula kwa jarife. Mume wangu hamtafuti silikanti, anatafuta papa, na mimi ndiye ninayempasua, namtia chumvi, namwanika, nauza ng'onda. Papa mmoja mkubwa ni ada ya mtoto. Mnaosema wavu utoke hamsemi kesho yake tutapika nini. Na ile bandari iliyopendekezwa Mwambani, humo humo hifadhini, mbona hujaitaja? Kuchimba bahari hakumdhuru silikanti, ila wavu wa mume wangu?

Mleta mada:
Dada, kuhusu Mwambani umenikamata, na nakubali nilipaswa kuanza nayo. Sheria inayombana mwenye mashua ikamwacha mwenye mtambo wa kuchimba haina haki, na ningeipinga bandari hiyo mahali hapo kwa sauti hii hii.

Kuhusu ada sikubishii hata kidogo. Ndiyo maana sisemi majarife yote. Nasema yale yanayoshushwa kuanzia pima 30 (kama mita 55) kwenda chini, kwenye kuta za mwamba. Silikanti hushinda mapangoni mchana, hutoka usiku kuwinda, na usiku ndiyo nyavu zimetandazwa pale mlangoni pake. Na anayesalimisha jarife apewe siku hiyo hiyo mishipi na mashua yenye injini ya kumfikisha kwenye nguru na jodari. Semina na posho ya nauli hazilishi mtu. Wavu ukichukuliwa leo na injini ikaahidiwa mwakani, mimi mwenyewe nitasimama upande wako.

Naomba umuulize shemeji: akiziacha hizo kuta, akapata injini na mishipi, msimu wa kusi bahari ikichafuka ataweza kufika huko nje, au tutakuwa tumempa chombo cha miezi michache tu?