Mrejesho: Ufunguo mpya wa gari sasa unawasha

Wakuu, narudi na majibu. Niliuliza kwa nini ufunguo niliochongesha baada ya ule wa akiba kupotea unafungua mlango na kuzunguka vizuri kwenye swichi, lakini injini inawaka kidogo tu kisha inazima.

Mliosema tatizo ni chipu, kile kidude cha kielektroniki ndani ya kichwa cha ufunguo, mlipatia. Chuma kilichongwa sawasawa, ila chipu haikuwa imesajiliwa kwenye imobilaiza, yaani mfumo wa gari unaozima injini usipoutambua ufunguo. Fundi alichomeka mashine yake kwenye soketi ya OBD (ya kuunganisha mashine na kompyuta ya gari) chini ya usukani, akaisajili, gari likawaka. Kazi yenyewe ni fupi. Kilichochelewesha ni kupata chipu inayoendana na mfumo wa gari.

Kuna aliyenishauri nianze na betri ya rimoti. Kwa heshima zote, hapana. Kwa ufunguo wa kuzungusha kama wangu, betri ile ni ya vitufe vya milango tu. Chipu haina betri, inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka swichi.

Nikaomba pia ule uliopotea ufutwe kwenye imobilaiza, maana atakayeuokota angeweza kuondoka na gari. Mashine ilifuta funguo zote, kisha nilizonazo zikasajiliwa upya, kwa hiyo nendeni na kila ufunguo mlio nao. Bebeni na hati za umiliki. Fundi makini ataziomba, na asipoziomba mimi ningeondoka.

Uliofutwa bado unaweza kufungua mlango kwa chuma chake. Vitasa sijabadilisha, ila ndani ya gari siachi kitu.