Kabla hatujapanda Kibosho na Dani

Mama Dani: Shikamooni wazazi wetu, na wengine habari za jioni. Krismasi tunapanda Kibosho, kwa hiyo naomba tukubaliane mapema jinsi ya kumsaidia Dani wetu, mwenye usonji (autism), ajifanyie mambo yake. Hapa nyumbani Pasua, mjini Moshi, anakaribia kuvaa mwenyewe, lakini akifika kwa ndugu wanaompenda huvalishwa na kulishwa, nasi tukirudi tunaanza upya.

Bibi: Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye ninayemvalisha, kwani naona uchungu mtoto akihangaika na baridi ya asubuhi. Nielekeze, nifanyeje?

Mama Dani: Mama, uchungu huo naujua. Mpandishie suruali mpaka mapajani, kisha mwachie aivute mwenyewe hadi kiunoni, ili kazi imalizikie mikononi mwake. Akizoea, iachie magotini, baadaye kwenye vifundo vya miguu, na mwisho mwachie ikiwa imetandazwa kitandani aanze mwenyewe. Tunaanzia hatua ya mwisho, tunarudi nyuma.

Shangazi Mwalimu: Naunga mkono, na ninaomba tusimsemeshe mno. Tukirudia “vuta, haya vuta baba”, atazoea kusubiri sauti ya mtu ndipo atende. Ni afadhali kumgusa kiwiko, kunyamaza na kumpa muda, hata kama chai inapoa. Picha nazo husaidia sana. Mpango wa TEACCH wa kuwasaidia watu wenye usonji, wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, unaoendeshwa tangu mwaka 1972, hutumia ratiba ambazo mtoto anaziona kwa macho. Sisi zinatutosha picha za simu, zikachapishwa steshenari na kubandikwa ukutani kwa mpangilio wa hatua.

Baba Mdogo: Shemeji, na kuoga je? Huko kwenu anatumia bomba la mvua, huku tuna ndoo na kata. Kwa kuwa anajua kuoga, si atazoea tu?

Mama Dani: Hilo ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote. Mtoto mwenye usonji anaweza kulijua jambo mahali pamoja akashindwa kulifanya pengine, kwa sababu kwa Dani kuoga ni bomba lile, sabuni ile na ukuta ule. Ndiyo maana nimeanza kumzoesha ndoo hapa hapa nyumbani, na kata yake ya kijani nitakuja nayo. Ataanza miguu, mikono, kisha tumbo. Kichwa kiwe cha mwisho, kwani maji ya kichwani humshtua, naye akishtuka mwanzoni hataki kuendelea. Anayemsimamia akae nyuma yake, amshike mkono pale tu anapokwama.

Bibi: Nimeelewa. Mtori je, nimwachie kijiko hata akiumwaga?

Mama Dani: Mwachie, Mama. Umwekee kidogo kidogo kwenye bakuli zito lisiloteleza, na mkeka tutaufuta.

Baba Mdogo: Basi nitapigilia msumari wa taulo usawa wa mkono wake. Nitumie kimo chake.

Mama Dani: Asante sana, shemeji. Nampima sasa hivi, na picha za ukutani nitakutumia kesho.