Bodi inakagua sinema, nani anakagua skrini za matatu?

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira. Juzi jioni nilimchukua mpwa wangu shuleni, mtoto wa Gredi ya Nne, tukapanda matatu ya kwenda Umoja. Skrini iliyo nyuma ya kiti cha dereva ilikuwa ikionyesha filamu ambamo mtu alikatwa vidole kimoja baada ya kingine, kisha yakafuata mambo ya chumbani ambayo sitayaandika hapa. Nilipomwomba makanga aizime, alinijibu kwamba abiria wengine nao wamelipa nauli. Hakuna aliyeniunga mkono. Mama mmoja alimfunika mwanawe macho kwa leso, naye akaendelea kutazama.

Hapo nikaikumbuka Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Aprili 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu iliipiga marufuku, na Septemba mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu, tena kwa watu wazima waliotaka wenyewe kuitazama. Kila mtu ana lake kuhusu filamu ile, na sikufungua uzi huu ili tuigombanie upya. Ninachouliza ni kwamba, kati ya mtu mzima aliyenunua tiketi akijua anakwenda kutazama nini, na mtoto wa miaka tisa aliyebanwa dirishani kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo, ni nani hasa aliyehitaji kulindwa?

Sheria ipo, na ilitungwa kabla hatujapata uhuru. Alama za umri zipo pia, na 18 maana yake inajulikana hata na makanga yule. Bodi yenyewe imewahi kuwaonya wenye matatu. Lakini filamu moja ikizua mjadala, viongozi, wahubiri na wazazi tunasimama pamoja kutetea maadili. Mjadala ukiisha tunapanda gari lilelile, tunaketi, tunanyamaza. Nami nilinyamaza hadi Umoja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jana nilipiga simu ofisi inayohusika, nikaambiwa nipeleke namba ya gari na nijaze fomu. Namba ninayo na fomu nitaijaza. Aliyewahi kujaza fomu hiyo akapata jibu, tafadhali aniandikie hapa chini ilimchukua muda gani.